Mkono Usio na Mwenyewe

Benchi letu liko nje ya studio ya Fleshi, mpiga picha. Ni ubao tu juu ya matofali. Aliyekaa katikati akinyanyuka ghafla, wa mwisho anakwenda chini. Mimi nashona viatu hapo hapo. Rula, seremala, hupitia kabla ya kufungua karakana. Wakili huja kwa sababu hana pengine pa kwenda. Sheria hajasoma hata siku moja, ila hakuna kesi inayompita. Kahawa hutoka kwenye chupa ya Fleshi. Asubuhi hiyo alikuja pia Matairi, dereva wa lori, mwenzetu wa siku zote, lakini hakukaa. Mama yake alifariki jana yake, na mkononi alikuwa na bahasha.

Tulimpa pole. Akaitikia kwa kichwa, akatoa picha moja. Ilikuwa ya harusi ya mdogo wake, ina miaka kumi na tisa, na aliipiga Fleshi mwenyewe. Maharusi wako katikati, wakwe wamejipanga na suti zao, na kule pembeni kabisa kushoto yuko marehemu. Amevaa gauni la jikoni, mikono kaikunja, uso kaugeuzia nje ya picha. Begani kwake pana mkono wa mtu ambaye haonekani. Matairi alitaka mama akatwe humo, akuzwe, awekwe kwenye fremu mbele ya jeneza kesho saa nne.

Fleshi akaleta vipande viwili vya kadibodi vilivyokatwa umbo la L, akavilaza juu ya picha. Ukivisogeza, dirisha linapanuka au linabana, unaona utakachobakiza kabla hujakata.

— Tatizo ni huu mkono, akasema. Hauna mwenyewe. Jicho la mtazamaji litakimbilia hapo badala ya usoni.

— Ukate, Rula akasema. Bakiza uso, pande zote sawa. Kama paspoti.

— Nikikata mkono, nakata na upande anaotazama. Macho lazima yapewe pa kwenda. La sivyo atakuwa kama mtu aliyegandamizwa ukutani.

Wakili akapuliza kahawa yake. Kwake yeye mkono ulikuwa ushahidi, na ushahidi hauguswi.

— Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, akasema. Uacheni.

Nikamuuliza methali hiyo inahusu nini hapo. Akanijibu kwamba mshona viatu aangalie nyayo.

Basi wakaanza kutafuta mwenye mkono. Wakili akasema ni wa baba yake Matairi, ona mume alivyomtegemeza mkewe. Nikamkumbusha kwamba mzee alikuwa ameshazikwa wakati wa harusi ile. Wakili akasema ndiyo maana haonekani. Rula akaona hapo pana neno. Akashusha sauti, akasema huenda ni kifo chenyewe, kilimshika bega tangu siku ile kikawa kinamsubiri, maana haraka haraka haina baraka. Wakili akapendekeza picha igeuzwe kushoto kuwe kulia, mkono utoke upande wa heri. Fleshi alisogeza kadibodi zake, akazirudisha, akazisogeza tena. Matairi alikuwa akiitazama lami.

Hapo akafika Mama Mdogo, mdogo wake marehemu, macho yamemvimba kwa kulia. Ametumwa na waliokuwa msibani aulize picha imefikia wapi. Tukanyanyuka kumpisha. Akaichukua, akaitazama kwa muda.

— Mmechagua hii?

— Ndiyo iliyopo, Matairi akasema.

— Kwani hakuna aliyopigwa yeye?

Miaka thelathini Fleshi amewapiga picha watu wa nyumba ile: mahafali, ubatizo, mpira wa shule, lori la kwanza la Matairi, tena hilo mara mbili, mbele na ubavuni. Rula akaangalia kikombe chake. Sote tumekula jikoni kwa yule mama, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia, mama, njoo nawe usimame hapa.

— Na mkono huu wa nani?

— Wangu, Mama Mdogo.

Matairi alisema polepole, kama mtu anayehesabu hatua gizani. Siku ile yeye ndiye aliyekuwa akipanga watu. Mama alitoka jikoni akinuka moshi, jasho linamtiririka, akajisogeza kwenye mstari karibu na wakwe. Matairi akaona aibu. Akamshika bega, akamvuta atoke. Fleshi akabonyeza kabla hajamaliza kumtoa.

— Aliniuliza, "Hata pembeni, baba?" Nikamwambia atapigwa yake baadaye.

Mama Mdogo hakumgombeza. Alirudisha picha kwenye benchi, akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa, akasema watu wanasubiri, akaondoka.

Fleshi akauliza kwa sauti ndogo kama aukate. Alisema anaweza kuufuta kabisa kwenye kompyuta, bega likabaki safi, na nafasi ya macho ikabaki pia. Hiyo ndiyo ingekuwa picha nzuri kuliko zote.

— Uache, Matairi akasema.

— Watu watauona.

— Ndiyo. Uache.

Kesho yake tulikwenda wote kuzika. Mama alikuwa kwenye fremu nyeusi, mkubwa kuliko alivyowahi kuwa ukutani kwake, anatazama kando, na mkono uko begani. Waombolezaji walipita mmoja mmoja. Mzee mmoja, mgeni kwetu, alisimama mbele ya fremu, akauliza mkono ule ni wa nani. Akaonyeshwa Matairi. Akamwendea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

— Mwanangu, akamwambia, umemtunza mama yako. Picha inasema yote.

Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Matairi alimtazama yule mzee, kisha foleni ya watu waliokuwa nyuma yake wakitikisa vichwa kukubali.

— Ahsante, mzee, akasema.

Na aliyefuata akasema vilevile.