Machozi Niliyoyafuta Kwenye Wimbo

Mheshimiwa mgeni rasmi, Bi Mkurugenzi wa studio yetu, wanamuziki, mafundi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, hamjambo? Mshereheshaji kanipa dakika tatu. Miaka thelathini na moja ya kurekodi sauti za watu, dakika tatu! Haya, tutabanana humo humo.

Mmenisifu kwamba ninastaafu nikiwa na sifa ya kazi safi. Ni kweli, sikuacha pumzi, kikohozi wala kwikwi ya kilio ipite kwenye wimbo. Lakini nani kati yenu aliwahi kujiuliza kwikwi zile zilikuwa za nani?

Binti yangu yule pale, meza ya nyuma, mnamjua kwa nyimbo zake. Alikuwa na miaka kumi na sita alipoingia studio mara ya kwanza, miezi miwili baada ya kumzika mama yake. Wimbo aliutunga mwenyewe: "Mama, nguo zako bado zanukia, nani nimwite nikirudi?" Kila akifika kwenye "nani nimwite," sauti inakatika. Nami, baba mtu, niko nyuma ya kioo nabonyeza kitufe: "Rudia." Mara kumi na nne, jamani! Ya kumi na tano akaimba kavu, kama anasoma tangazo. Nikamwambia, "Hapo sasa! Umekuwa msanii."

Alinielewa vizuri mno. Wimbo wa pili ukaja: "Sina wa kumwita, wala sijali." Na huu mnaoucheza harusini: "Nimefunga mlango, funguo nimetupa." Ninyi mnashangilia, mimi nausikia redioni, niko peke yangu mezani. Siku za sikukuu binti yangu hunipigia simu, huuliza afya yangu, hukata. Adabu anazo zote. Ila hajalia mbele yangu tena, na upweke huo nimejitafutia mwenyewe.

Bi Mkurugenzi, nashukuru kwa saa ya ukutani. Ndugu zangu, asanteni kwa masikio yenu. Haya yaliyobaki ni ya mtu mmoja, na nikishuka bila kuyasema yatanikaba.

Mwanangu, nami nilimlilia mama yako. Kila jioni, ukiwa chumbani na vitabu vyako, nilikuwa nafungulia bomba la jikoni, maji yamwagike tu, usinisikie. Nilipaswa kulifunga, nije nigonge mlango wako, tulie wote. Nisamehe.