Siafu na Suti ya Nailoni

Wasikilizaji wapendwa, wewe unayepika, punguza moto kidogo. Wewe uliye kazini, sogeza redio. Leo tunamkumbuka binti mmoja, bondia wa miaka kumi na tisa. Mtaani walimwita Siafu, maana alikuwa mdogo wa umbo na aking'ang'ania kitu haachii. Siafu hakuuawa na ngumi. Narudia, wasikilizaji: hakuna aliyempiga. Siafu alikufa kwa joto na kiu, akitafuta kazi.

Mama yake ni fundi cherehani. Wanaishi chumba kimoja, cherehani dirishani, kitanda nyuma ya pazia. Siafu alimaliza shule ya msingi akakaa nyumbani, akichomoa nyuzi kwenye nguo za wateja. Mama alimtazama akaona maisha yake mwenyewe yanajirudia. Ikamuuma.

Ndipo Siafu akaingia ghala kuukuu la nyuma ya soko. Humo kocha hufundisha ngumi vijana wasio na mbele wala nyuma. Kampuni moja ya ulinzi ina timu yake ya ngumi, na kila anayechukuliwa na timu huajiriwa. Sare, mshahara, bima. Vijana wengi wa vijiweni walitokea ghala lile wakawa watu. Hilo tusilifiche.

Mwaka huu nafasi ya mabinti ilikuwa moja tu, ya uzito mdogo kabisa. Siafu alizidi kidogo.

Kocha akamwambia, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jikaushe."

Kujikausha, wasikilizaji, ni kutoa maji mwilini. Unavaa nailoni, unakimbia juani, unatema mate koponi. Hunywi. Siafu akamletea mama yake nailoni ya kufunikia mizigo.

"Mama, nishonee suti. Ile ya ghalani inaingiza upepo mikononi."

Mama alishona kama anavyoshona nguo ya bibi harusi. Akatia mpira mikononi, miguuni na shingoni. Akapiga mishono miwili isifumuke. Shangazi alipomwona Siafu ndani yake alicheka mpaka akakaa chini. "Wifi, huyu akikonda zaidi tutampeleka dukani wampime pamoja na sukari." Wote walicheka. Siafu pia alicheka, ila midomo ilikuwa imepasuka.

"Kunywa basi hata funda moja," mama alimsihi.

"Mama, nikinywa maji nakunywa kazi."

Siku ya kupima uzito, Siafu alipanda mzani. Mtu wa kampuni akatikisa kichwa. Bado kidogo. Akapewa mpaka adhuhuri. Siafu akavaa suti yake, akaenda kuruka kamba nyuma ya ghala, jua likiwa kali. Mama alikaa ukutani, chupa ya maji mapajani, akingoja kumpa akishuka mzanini.

Sasa sikilizeni hapa, wazazi wenzangu. Mama aliona jasho limekoma usoni mwa binti. Uso mkavu kabisa. Moyo wake ukafurahi. Alidhani amekwisha kukauka, kazi imekamilika. Hakujua kwamba jasho likikoma mtu angali juani, mwili umeshindwa. Siafu akaanza kuongea maneno yasiyoshikana. Mama alidhani ni utani, maana binti huyu alikuwa na utani mwingi.

Siafu akaanguka kabla ya kufika mzanini.

Mama alivuta mpira wa shingoni, haukukatika. Alivuta mishono, haikufumuka. "Nilishona vizuri mno," aliniambia, akitazama mikono yake. Walipopata kisu, binti alikuwa hasikii tena. Jioni hospitalini, daktari alitoka akamkuta mama bado ameshika ile chupa.

Waswahili husema mchumia juani hula kivulini. Siafu alichumia juani. Kivulini hakufika.

Nilimuuliza kocha. Hakujitetea sana. "Nikiwaambia wanywe, nafasi inachukuliwa na wa ghala jingine. Nikifunga ghala, wanarudi kijiweni. Niambie wewe, nifanye nini?" Kazi ile ilipata mtu siku ileile.

Matanga hayajaisha, msichana mwingine wa ghalani akabisha hodi kwa mama Siafu. Mkononi ana nailoni imekunjwa.

"Pole, mama. Naomba unishonee kama ile."

"Mwanangu, Siafu amefia ndani ya ile."

"Najua, mama. Yeye alikaa nayo mno. Mimi nitaivua mapema."

Mama alikataa. Alimsihi, akamshika mkono, akalia. Msichana alimsikiliza kwa adabu, akasema asante, akavuka barabara kwa fundi wa pili. Mama alisimama dirishani akasikia cherehani ya ng'ambo ikianza kulia.

Kwa mama Siafu, kwa shangazi, kwa vijana wa ghalani, tunatoa pole. Pole haimrudishi mtoto, tunajua. Na kwenu wasikilizaji wapendwa: mwanao akikuambia michezo itampa kazi, mfurahie, lakini muulize anapewa nini kunywa. Na kama yuko hapo karibu nawe sasa hivi, midomo imekauka, anasema hana kiu, usimwamini. Mpe kikombe cha maji. Kaa naye mpaka amalize.