Bi Mkasi na Viti vya Ijumaa

Habari za asubuhi, wasikilizaji wapendwa. Kama una chai mkononi, kaa nayo hapo hapo. Leo tunamkumbuka fundi cherehani. Mtaani tulimwita Bi Mkasi, na hata siku ya mazishi watu walimlilia kwa jina hilo hilo. Alipata jina hilo kwa sababu akitaka kusikilizwa alikuwa hapazi sauti. Aligonga meza kwa mpini wa mkasi. Ko ko ko. Mnanyamaza wote, na cherehani zinanyamaza.

Bi Mkasi aliwahi kuwa na karakana mbili za kushona. Ya kwanza iliuawa na hali ngumu ya uchumi. Ya pili, hali ngumu ilikuja tena, ikaikuta, ikapita. Narudia, wasikilizaji: ya kwanza ilikufa, ya pili ipo mpaka leo. Twende taratibu.

Karakana ya kwanza alikuwa nayo pamoja na marehemu mumewe. Ilishona ovaroli tu, na ilimshonea mteja mmoja tu, kiwanda kikubwa kilichokuwa na wafanyakazi chungu nzima. Kazi ilikwenda mbio. Huyu anashona mikono, yule mifuko, wa pale mwisho zipu. Fundi wa mifuko alishona mifuko asubuhi mpaka jioni, mwaka hadi mwaka, na akawa hodari wa mifuko kuliko mtu yeyote.

Kisha mambo yakaharibika. Bei zikapanda, kiwanda kikafunga milango, ovaroli zikakosa wa kuzivaa. Wiki hiyo hiyo akaja baba mmoja na kitambaa chake begani. Anataka shati. Shati la kawaida, jamani, lenye kola na vifungo! Fundi wa mikono akamtazama fundi wa mifuko. Fundi wa mifuko akatazama dari. Hakuna aliyejua kushona shati kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yule baba akakunja kitambaa chake, akaondoka.

Binti yake Bi Mkasi, ambaye ni mtoto wake wa pekee, aliniambia hivi: "Mama aliuza cherehani zote bila kulia. Lakini habari ya yule baba na kitambaa chake, kila akiisimulia machozi yanamlengalenga. Alikuwa anasema, tulijaza nyumba mafundi, na fundi hatukuwa naye."

Mumewe akafariki. Bi Mkasi akaanza upya barazani, cherehani moja, ya kukanyaga kwa miguu. Alipopata wafanyakazi, akaweka utaratibu ambao haujapata kuonekana mjini hapa. Viti vilipangwa kwa mstari. Kiti cha vifungo, kiti cha kola, kiti cha suruali, meza ya pasi, na mwisho kabisa meza ya kukata. Kila Ijumaa baada ya chai, ko ko ko, kila mtu anasogea kiti kimoja. Aliyekuwa kwenye vifungo anahamia kola. Aliyekuwa kwenye meza ya kukata anarudi kwenye vifungo. Na mgeni yeyote anaanzia kwenye vifungo, awe nani. Bi Mkasi mwenyewe alisogea kama wengine.

Weee! Ijumaa hizo zilikuwa na vituko. Wateja wajanja walikuwa hawapeleki nguo siku ya Ijumaa. Mimi sikuwa mjanja. Nilipeleka suruali, ikashonwa na yule tuliyezoea kumwita mpiga pasi, kwa sababu ndiyo kazi aliyokuja nayo, akiwa ndio kwanza ameingia kiti cha suruali. Nikarudishiwa yenye mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi. Bi Mkasi akanipima kwa macho, akasema, "Usijali mwanangu. Simama upande." Halafu akaifumua na kuirekebisha, bure.

Aliyeuchukia utaratibu huo kuliko wote ni mdogo wake wa kiume. Huyu ni mkataji, na kwa kukata suti hana mpinzani. Alikuwa akilalamika: "Dada, mkono huu ni wa mkasi. Unanipa vifungo mimi?" Dada mtu anamjibu, "Mkono huo huo utashika sindano. Kaa."

Wakagombana vibaya siku hoteli moja kubwa ilipotaka sare za wahudumu wake wote. Kazi nono, ya mwaka mzima. Bi Mkasi akachukua nusu tu. Mdogo wake akaja juu: "Dada umerogwa? Riziki imekuja mlangoni unaifukuza?" Dada akamwambia, "Mteja mmoja hatatukalia kichwani tena. Nilishakaliwa, najua uzito wake." Mdogo mtu akafunga virago, akafungua karakana yake ng'ambo ya barabara, na ile nusu nyingine ya sare akaichukua yeye. Akaajiri watu, kila mtu na kipande chake, kazi ikawa mbio. Miezi na miezi wakawa hawasalimiani, wanatazamana tu kwa madirisha.

Wasikilizaji wapendwa, mnaukumbuka ule mwaka. Bei ya asubuhi siyo bei ya jioni. Vitambaa havikuja. Umeme ukawa wa kubahatisha. Hoteli ikakosa wageni, na sare zikasimama pande zote mbili za barabara. Kila karakana mtaani ilikuwa inajiuliza swali moja: nani atafunga kesho?

Bi Mkasi akagonga meza. Akawaambia watu wake mambo mawili. La kwanza, hafukuzwi mtu. Watafanya kazi kwa zamu, kila mmoja siku chache, na wa kwanza kupunguziwa malipo ni yeye mwenyewe. La pili, nguo mpya hakuna, basi watashona za zamani. Akaning'iniza kibao mlangoni: Tunageuza kola. Tunabadilisha zipu. Koti la baba tunalifanya la mtoto.

Kwa wasiojua, kola ya shati huchakaa upande wa nje tu. Ukiifumua, ukaigeuza, ukaishona upya, shati linapata maisha ya pili. Kazi hiyo wafanyakazi wake walikuwa wamejifunza kila zamu ilipowafikisha kiti cha kola, shingo upande, wakati hakuna mteja aliyeihitaji. Sasa mtaa mzima ukaihitaji. Mpiga pasi, yule wa suruali yangu, anasema: "Tulikuwa watu wachache, lakini yeyote ukimweka popote, kazi inatoka. Mmoja akiumwa, kazi hailali. Hapo ndipo nilipoacha kumsengenya."

Ng'ambo ya barabara mlango ukafungwa.

Siku moja, wakiwa wanakunywa chai, mdogo mtu akasimama kizingitini, mkasi wake ameuviringisha kwenye kitambaa. Bi Mkasi akaweka kikombe chini. Akaonyesha kwa kidevu. "Kiti cha vifungo kiko wazi."

Mdogo wake ameniambia mwenyewe, huku akicheka kidogo: "Nilijua ananikomoa. Nilikaa nimenuna wiki nzima. Ijumaa ikafika, nikasogezwa kwenye kola. Nyingine, suruali. Nikaona ah, huyu dada yangu hanikomoi. Ananirudisha kwenye meza yangu ya kukata, ila kwa njia ile ile wanayopita wote."

Hali ikatengemaa, karakana ikabaki. Lakini Bi Mkasi alikuwa na hofu moja iliyobaki, na aliisema wazi. Mteja mmoja asiwakalie, sawa. Fundi mmoja asiwakalie, sawa. Je, yeye? Siku akiondoka yeye, cherehani zitauzwa tena?

Mwaka huu afya yake ilidhoofika. Ijumaa yake ya mwisho zamu ilimpeleka kwenye kiti cha vifungo. Alishindwa kutunga uzi, mpiga pasi akamtungia, akashona vifungo viwili, akachomeka sindano kwenye kimto chake, akaenda nyumbani. Jumapili akafariki.

Msiba haujaisha, ndugu wakaanza minong'ono. Cherehani ziuzwe wagawane, kila mtu aendelee na maisha yake. Neno la mwisho lilikuwa la binti. Huyu binti alikuwa hajawahi kushika sindano. Alikuwa karani, na ofisi yake ilipopunguza watu naye alipunguzwa. Mama yake alimwambia mara moja tu, "Kiti kipo," na yeye akaona haya kuanza kujifunza ukubwani mbele ya watu waliomjua tangu mtoto.

Ijumaa iliyopita karakana ilifunguliwa. Walikuja wote. Binti alikuja na birika, akawamiminia chai, akasimama ukutani. Chai ikaisha. Hakuna aliyeinuka. Mkasi wa marehemu ulikuwa mezani na hakuna aliyeugusa. Mwishowe mjomba wake, yule mkataji, akauchukua. Ko ko ko. Wakasogea, kila mtu kiti kimoja, huku wengine wanafuta machozi. Mjomba alipaswa kurudi kwenye vifungo. Hakukaa. Akamgeukia binti. "Na wewe umesimamia nini? Mgeni anaanzia pale."

Binti akamwangalia mjomba wake. Akaweka birika chini, akaenda akakaa. Akaichomoa ile sindano kwenye kimto. Uzi aliotungiwa mama yake ulikuwa bado umo.

Cherehani haziuzwi.

Kwa niaba ya wote hapa redioni, natoa pole kwa binti, kwa mjomba, kwa mpiga pasi na kwa karakana nzima. Mungu awape nguvu, na Bi Mkasi ampumzishe pema. Na wewe unayenisikiliza ukiwa dukani kwako, kwenye kibanda chako au gereji yako, jiulize leo kabla hujafunga: akikosekana mtu mmoja kesho, au mteja mmoja, nani atakaa kwenye kile kiti? Ukikosa jibu, hujachelewa. Anza na watu ulio nao.

Leo ni Ijumaa. Baada ya chai binti anasogea, anaingia kiti cha kola, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Shati nililovaa hapa studioni kola yake imechakaa. Najua, najua, wajanja hawaendi Ijumaa. Mimi nikitoka hapa nalipeleka.