Kaka Ising na Mlima Uliopungua Hadi Ukawa Mkubwa

Ijumaa ya tarehe 29 Novemba 2024, Kaka Eliseo Magbanua, ambaye hapa kazini hakuna anayemwita Eliseo, atazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na sita ya kuchora mandhari ya magemu. Kaka Ising anastaafu akiwa na miaka sitini. Sheria ingemruhusu akae mpaka sitini na tano, na sisi wote tulijua atakaa. Kwa nini hakai, nitaeleza. Aliyenipa kazi ya kuandika ukurasa huu wa ratiba ya sherehe hakujua anampa nani.

Alizaliwa Oton, kule Iloilo, akaja Manila kijana kwa mjomba wake aliyekuwa mchoraji wa mabango ya sinema barabara ya Recto. Enzi hizo bango lilichorwa kwa mkono, likafunika uso mzima wa jengo, na wachoraji walining'inia kwenye majukwaa ya mbao kama popo. Mwaka wa kwanza Kaka Ising hakuchora mtu mzima hata mmoja. Alichora masikio. Sikio la mwigizaji mmoja wa kike, anasema, lilikuwa pana kuliko kitanda alicholalia, na akiwa kule juu hakuona sikio, aliona rangi ya nyama tu. Ilibidi ashuke, avuke barabara, ageuke, ndipo ajue amechora nini.

Siku moja mwenye sinema alipanda jukwaani mwenyewe, akalalamika kwamba kidevu cha nyota wake kimevimba kama cha mgonjwa wa jino. Mjomba akamwambia ashuke akasimame pale wanaposimama wakata tiketi. Akashuka. Kutoka chini, kidevu kilikuwa cha malaika. Hadithi hii Kaka Ising amewasimulia wote, wengine mara nyingi kuliko walivyotaka, na kila mara anaimaliza vilevile: picha haina ukubwa wake yenyewe, ukubwa uko pale anaposimama mtu.

Zikaja turubai za kuchapishwa, mabango ya mkono yakafa. Mwaka 1998 alipanda ngazi hizi zetu za Cubao, juu ya duka la dawa, akitafuta kazi yoyote. Wakampa mti achore. Mti mzima ulikuwa mdogo kuliko ukucha, umepangwa kwa vidoti vya rangi vya kuhesabika. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akahangaika na ule mti wiki nzima, maana akitoa kidoti kimoja unakuwa kabichi, akiongeza kimoja unakuwa mwavuli. Mti ule umesimama kwenye gemu letu la kwanza mpaka leo, na watu wazima bado wanatuandikia kwamba waliwahi kupumzika chini yake.

Mimi nilimkuta hapa. Nilikuwa na cheti cha sekondari na kozi fupi ya kompyuta, na nilijiona. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa nyumba ya shamba. Nikampigia simu mama kule kwetu Pangasinan, akaipima nyumba yetu kwa futi kamba, chumba kwa chumba, nami nikaijenga kwenye kompyuta kwa vipimo vilevile vya kweli. Nilipomwingiza mhusika ndani, ikawa balaa. Jicho la mchezaji linamfuata mhusika kwa nyuma ya mgongo, na nyumba ya mama haikuwa na nafasi ya mgongo na jicho pamoja. Jicho lilibaki nje, likitazama ukuta, na ndani tukasikia mtu anagongana na sufuria.

Kaka Ising aliuliza mbele ya idara nzima kama mama yangu anaishi ndani ya kabati. Walipomaliza kucheka akavuta kiti. Mlango panua, alisema, dari pandisha, ila kitanda usikiguse, maana kitanda ndicho kitakachosema nyumba ni ndogo. Nilifanya hivyo. Nyumba ikawa kubwa karibu mara mbili ya ile ya kweli, na mama alipoiona Krismasi ile alisema ndiyo hiyo hasa, mpaka na joto lake.

Asije mtu akadhani namsifia malaika. Kaka Ising ana mdomo mchafu, ananuna, na hakubali kosa. Tulipoanza kutengeneza magemu ya simu, alichora soko zima, jani kwa jani la mchicha, samaki kwa magamba yake, akamaliza miezi miwili. Kwenye kioo cha simu soko likaonekana kama mboga iliyomwagika. Aliilaumu simu. Kisha akawalaumu wenye simu. Soko likachorwa upya na Nenita wa idara yetu, kwa rangi nne tu, likapendwa, na Kaka Ising hakumsalimia Nenita mpaka msimu wa mvua ulipokwisha.

Sasa nifike kwenye langu.

Miaka mitatu iliyopita tulianza gemu letu wenyewe, la kwanza ambalo si kazi ya kuagizwa na watu wa nje. Tuliliita Pahatid, yaani kitu kilichotumwa kifike. Tarishi wa posta anabeba kifurushi kutoka pwani mpaka mlimani. Hakuna vita. Unatembea, na mlima uko mbele yako. Kaka Ising ndiye aliyechora mlima ule wa kwanza. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mkuu wa idara.

Wenye fedha, wale wanaoligharamia gemu, waliponiita wakaniuliza ulimwengu wa gemu una ukubwa gani. Nikawaambia. Wakanyamaza. Hakuna aliyenilazimisha, naapa, lakini kimya kile kilinitia aibu, nikasema tunaweza kuukuza mara nne. Wakatabasamu. Nikarudi Cubao nimevimba kichwa.

Kwenye kikao Kaka Ising aliuliza mara nne ya nini. Nikasema ya kila kitu, nchi, barabara, mlima. Akasema mkiupanua hivyo mlima utasinyaa. Alikuwa na haki ya kusema, na alisema kwa upole wake, yaani bila kutukana. Mimi, mbele ya watu wote, nikamjibu: "Kaka Ising, hapa siyo Recto. Hakuna mtu anayesimama barabarani kulikodolea macho bango. Zama zako zilikuwa za masikio."

Watu walicheka. Wengine walicheka kwa sababu mimi ni bosi. Yeye naye alicheka kidogo, akainama akafunga kamba ya kiatu.

Tangu siku ile hakusema tena kitu kwenye kikao. Alizoea kusimama nyuma, karibu na mtungi wa maji, akitazama kazi zetu kwa mbali na kutusema. Akaacha. Aliomba apewe mawe. Mwaka mzima na zaidi, mchoraji bora wa mandhari niliyewahi kumwona alichora mawe ya kando ya njia, moja baada ya jingine, akaenda nyumbani saa kumi na moja. Mimi nilikaa kiti cha tatu kutoka kwake na sikusema neno.

Nchi ikakua. Tukaijaza nyasi, na kila unyasi ukapepea kwa upepo wake, kazi ya Nenita ya miezi minane. Mashine zilichemka. Watu walilala chini ya meza. Nenita alikosa ubatizo wa mtoto wa dada yake, na alikuwa mama wa ubatizo. Na mlima, kwa tarakimu, ulikuwa mrefu kuliko mlima wowote wa nchi hii. Ila ulikaa pale mbali kama picha ya kalenda. Unatembea, haukui. Unatembea, haukui. Kitu kisichobadilika machoni jicho linaacha kukiona.

Mwezi wa Julai tukaita majirani wajaribu. Aling Charito wa duka la dawa alitembea, akatembea, akaweka pedi ya kuchezea mezani akauliza kwa adabu kama imeharibika, maana mlima hauji. Kijana wa pili alisinzia akiwa ameshika pedi, na tarishi akaendelea kutembea peke yake mpaka akaingia baharini. Hatukucheka. Tulikuwa tumechoka mno.

Kaka Ising alikuwa ameshapeleka barua ya kustaafu. Nilipojua, jambo moja ndilo lililoninyima usingizi, hata kuliko wenye fedha: kwamba mtu huyu ataondoka kazi yake ya mwisho ikiwa mawe, na neno langu la mwisho kwake likiwa lile.

Kwetu mtu haombi msamaha mikono mitupu. Nilinunua batchoy mabakuli mawili, supu ya kwao, nikamfuata kwenye ngazi anapovutia sigara. Alikula akitazama ukuta. Akasema wamebania maini. Ndipo nikamwambia kwamba alisema kweli, kwamba nilimdhalilisha, na kwamba mlima umesinyaa kama alivyosema.

"Mwaka mzima, dogo," alisema. "Ulikuwa umekaa pale pale."

"Najua, Kaka."

"Basi upunguze mwenyewe. Mimi mkono wangu umechoka."

Nilidhani atanihurumia. Hakunihurumia, na sasa naona alifanya vizuri.

Nikaitisha kikao nikasema tunarudisha nchi ndogo, ndogo hata kuliko ya mwanzo. Kosa ni langu, nikasema, si la mwingine. Nenita aliuliza, "Na nyasi zangu?" Akazima kompyuta akaenda nyumbani, na hakuna aliyemlaumu. Jumatatu alirudi, akazifuta nyasi mwenyewe, hakutaka mkono wa mtu mwingine uziguse.

Nikaanza kupunguza. Mlima niliusogeza karibu na kuukata urefu. Nikaweka kilima mbele yake, barabara ikateremka nyuma ya kilima, ili mlima upotee kabisa na mchezaji ausahau. Nikafifisha rangi za mbali tabaka kwa tabaka, kama ukungu wa asubuhi. Mbuzi mlimani nikawafanya vidoti. Kaka Ising alikuwa na siku zake za likizo zilizobaki, angeweza kukaa nyumbani, lakini alikuja kila siku akakaa nyuma yangu na karanga zake. Hakugusa kitu. Nikimuuliza anasema, "Bado." Bado nini? "Bado." Nilimchukia wiki kadhaa, nisidanganye.

Siku moja, kwa uchovu tu, kwa sababu bega la mlima lilikuwa tupu na sikuwa na wazo jingine, nikaweka nyumba pale. Ndogo kama punje ya mchele. Dirisha lina taa ya njano. Barabara haifiki huko, mchezaji hawezi kwenda. Nikaegemea kiti nikasubiri niambiwe bado.

Hakusema. Aliweka karanga chini akaniomba pedi.

Wageni wanaosoma ukurasa huu wajue kwamba Kaka Ising hajawahi kucheza gemu hata moja tulilotengeneza. Alisema yeye ni mpishi, si mlaji. Alishika pedi kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Alianguka mtoni, akatukana kwa Kiilonggo, lugha ya kwao, akaanguka tena. Vijana wakasogea mmoja mmoja. Saa ya merienda, vitafunio vya alasiri, ikapita. Mtu akamwekea turon pembeni, ndizi ikapoa na sukari yake, hakuiona. Akateremka nyuma ya kilima, akapita kwenye mianzi, akakunja kona.

Mlima ukatokea.

Akamsimamisha tarishi. Kioo chetu ni kifupi kuliko mkono wake, na yeye alikuwa amekaa kitini, lakini nilimwona, na wote tuliokuwepo tulimwona, akirudisha shingo nyuma polepole, kama mtu anayetafuta kilele cha kitu kirefu kilicho juu yake. Nenita alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Nani anakaa kule?" aliuliza.

Nikamwambia hakuna, Kaka, hatujatengeneza mtu, ile ni nyumba tu.

"Wewe umewasha taa, dogo," alisema, macho yakiwa kule kule. "Yuko mtu."

Jumatatu iliyopita wenye fedha walikuja. Walicheza, wakatazama, wakanyamaza kile kimya chao. Kisha mmoja akauliza kama ulimwengu huu unaweza kuongezwa. Nikamwambia hapana. Sikueleza sana, nilikuwa nimechoka, na hapana haihitaji maneno mengi. Hawajatujibu bado. Inawezekana watatuacha. Kaka Ising alikuwepo, amesimama nyuma kabisa, karibu na mtungi wa maji, na walipoondoka aliniambia mawe ya upande wa kushoto ni makubwa mno, aliyeyachora alikuwa na hasira.

Kaka Ising, nilikudhalilisha mbele ya watu, kwa hiyo hapa, mbele ya watu walewale, nasema nilikosa. Nisamehe ukiweza, na usipoweza, kula pancit yako, tambi za sherehe, ushibe, imepikwa kwa ajili yako. Idara ya michoro inakushukuru kwa mti, kwa milima, kwa matusi, na kwa kila mlango uliotufundisha kupanua. Nenda Oton kwa dada yako. Lala mchana. Usimhurumie mtu atakayekupigia simu kuuliza kama kazi yake ni kubwa ya kutosha, hata akiwa mimi. Siku zilizo mbele yako ziwe ndefu, zisiwe na haraka, na mkono wako upumzike.

Rodel Pascua
Idara ya Michoro