Mama Kadi na Simu ya Tarehe 14 Julai

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mliokuja kumsindikiza, walioko nyuma tafadhali sogeeni, viti vya kushoto bado viko wazi. Anayesoma ni mdogo wake marehemu, aliyepewa kazi hii kwa kuwa ndiye aliyeishi naye nyumba moja muda mrefu kuliko wote, naye tangu Jumapili amekufa ganzi, kwa hiyo akisoma kama mtu anayesoma bili ya umeme, mumwie radhi.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 11 Machi 1976, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa mshona nguo na karani wa posta. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, kisha sekondari hadi 1993, ambako alisimamishwa wiki mbili kwa kuandika mchezo ambao mwalimu wa nidhamu alijiona mle ndani, ingawa marehemu alishikilia hadi mwisho wa maisha yake kwamba yule alikuwa mbuzi tu.

Mwezi Mei 1995 aliajiriwa kuwa mchapaji katika duka la fotokopi, akachapa barua za kuomba kazi za watu wengine kwa miaka kumi na mitatu, na nyuma ya karatasi zilizoharibika akawa anaandika tamthilia za televisheni, akizipanga chini ya godoro mpaka likainuka upande mmoja. Tarehe 2 Oktoba 2008 mama yao alipata kiharusi, marehemu akaacha kazi ili amuuguze, na mwezi Mei 2009 alituma sehemu moja ya tamthilia yake kwenye kituo cha televisheni, akakaa kusubiri. Mama yao alifariki tarehe 19 Agosti 2010. Hapa historia itapita kwanza, lakini itarudi.

Jumatatu tarehe 4 Februari 2013, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, alipata kiti cha msaidizi wa chumba cha waandishi wa kituo hichohicho, yaani yule anayeandika ubaoni, anayebandika ukutani kadi za visa vya hadithi, anayekumbuka nani alisema nini, na ambaye wakubwa wakichoka ndiye huulizwa kama kuna chai. Wenzake wote walikuwa na umri wa kumwita shangazi, na walimwita.

Mwaka 2014 alianzisha darasa la Jumamosi, katika bwalo la shule ya msingi alilopewa bure, mabenchi yake mafupi hivi kwamba watu wazima walikaa magoti yakigusa videvu, na akawafundisha kazi ya kuanzia katika uandishi wa televisheni wale ambao vyumba vile havikuwahi kuwaona: dobi, mlinzi wa geti, fundi viatu asiyesikia, mama wa watoto watano aliyeandika akinyonyesha, na dada mmoja wa kiti cha magurudumu aliyewaambia wakubwa wa kituo waziwazi kwamba hadithi zake hazina ngazi, ila jengo lao ndilo lenye ngazi. Aliwafundisha kuandika maneno ya watu bila kuyatia chumvi, kupeleka chai bila kugeuzwa mtu wa chai, na kukaa kimya siku tatu za kwanza, lakini ya nne wafungue mdomo, maana ukimaliza wiki bila kusema kitu wanakuzoea hivyo. Kwa sababu ya zile kadi wakamwita Mama Kadi, na katika wanafunzi wake sitini na mmoja, ishirini na watatu leo wana viti.

Alikuwa na tabia moja ambayo wote waliicheka. Mwanafunzi akiitwa kazini, hakumpigia simu wala hakumwachia mtu ujumbe, alikwenda mwenyewe kwa miguu mpaka mlangoni, na mlinzi bado anasimulia jinsi alivyomfuata getini kwenye mvua, viatu mkononi, ilhali simu ya mlinzi ilikuwa mfukoni na ina chaji tele.

Tarehe 12 Septemba 2015 alifunga ndoa na fundi wa sauti wa kituo, mtu asiyependa maneno, na tarehe 30 Oktoba 2016 wakajaliwa binti mmoja, yule pale mwenye sweta ya kijani. Figo zilianza kumsumbua mwezi Juni 2023, akaendelea kufundisha siku ambazo hakuwa hospitali, na Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa nane mchana, alifariki dunia.

Sasa historia inarudi nyuma. Alhamisi alasiri wanafunzi wake walikuja nyumbani, wakaomba rasimu ya maneno haya, na jamani, watu wale hawana msiba wala sherehe, waliibandika sebuleni kwa kadi, kila hatua ya maisha kadi yake. Walikata mcheshi, wakakata mkarimu, wakakata mpenda watu, kwa sababu Mama Kadi alikataza, akisema wafu wote duniani ni wacheshi. Kisha mlinzi akaweka kidole kati ya kadi mbili, akauliza, mama alifariki 2010, na hiki kituo kilikuwa na kazi yake tangu 2009, sasa kwa nini kiti amekipata 2013? Mdogo wake akajibu kwamba hajui.

Dobi alimtazama, akatoa karatasi kwenye mkoba. Lilikuwa zoezi la wiki ya kwanza, lililopewa kila darasa kwa miaka yote kumi na miwili: mtu anapokea simu ya dada yake, anapewa ujumbe mwema, haufikishi. Mwandike bila kumfanya mbaya. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, Mama Kadi aliandika kama alivyowaandikia wote sitini na mmoja: Bado. Umemhukumu haraka. Mpende kidogo, rudia.

Fundi wa sauti, mumewe, ndipo akasema kwamba mkewe alijua tangu siku ya kwanza kazini, mwandishi mkuu alipomuuliza mbona mwaka 2009 hakuja, na wao walimwachia ujumbe kijana aliyepokea simu yake.

Siku simu ile ilipolia, mdogo wake alikuwa na miaka ishirini na minne. Mama yao alikuwa mzito, alitakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, na kijana aliogopa kuachwa naye peke yake, basi aliitikia ndiyo, nitamwambia, akairudisha simu kwenye chaji, akaenda jikoni kumuuliza dada yake kama kuna chai imebaki. Alimmiminia. Alisema atamwambia kesho, kesho ikawa wiki, na baadaye ikawa aibu kubwa kuliko ujumbe wenyewe. Dada yake aliishi naye miaka kumi na miwili akijua, akimnyooshea kola kila anapotoka, na hakumuuliza hata siku moja. Mdogo wake haumii sana kwa sasa, hahisi kitu, anadhani maumivu yapo njiani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani walioleta viti na maji, wafanyakazi wenzake wa kituo, na wanafunzi wa Jumamosi, ambao hawakukubali pengo lile lipite.

Dada, Jumanne tarehe 14 Julai 2009, saa nne na robo asubuhi, ulipigiwa simu kutoka chumba cha waandishi. Wamesoma kazi yako, wameipenda. Wamesema uende Jumatatu saa mbili, kiti chako kipo. Ni mimi niliyepokea. Nimekuja mwenyewe kukwambia. Sasa pumzika, dada yangu, pumzika kwa amani.