Mtoto wa Miaka Sabini na Moja

Ndani ya basi, kwanza niliona rangi nyeusi ya nywele iliyomchafua mama mmoja mzee juu ya sikio. Nikasimama, nikamwambia, "Bibi, kaa hapa." Akakataa, akashika bomba. Kiti kikabaki kitupu, nami nikaona haya kukirudia.

Bibi mmoja mwenye kikapu cha vitunguu akacheka. "Kaa, dada. Kiti hakizeeshi mtu."

"Nina sabini na moja tu."

"Sabini na moja! Pale ukumbi wa wazee wewe ni mtoto. Mimi nina themanini na tatu na bado wananituma kahawa, maana wenzangu wamefika tisini."

"Ndiko ninakokwenda," yule aliyekataa kiti akasema taratibu, akikumbatia mfuko wa keki za mchele. "Nimehamia juzi, simjui mtu. Naogopa. Huku nje kila mtu ananiita bibi, huko ndani nitakuwa mtoto wa kuosha vikombe. Tangu mama yangu afe, hakuna anayeniita jina langu."

"Kwani unaitwa nani?"

"Ok-rye."

"Jina zuri. Haya, mdogo wangu, vikombe vinakungoja. Mimi leo napumzika!"

Abiria wakacheka. Yeye hakucheka.

Basi likasimama mbele ya ukumbi. Bibi wa vitunguu akatangulia kushuka. Mwenzake akabaki mlangoni na mfuko wake, mguu mmoja kwenye ngazi.

Kwetu mjini Jeonju kijana hamwiti mzee kwa jina, na mimi hata wa rika langu naona haya kuwaita. Siku ile sikumwita. Leo nasema: Ok-rye, shuka.