Nyumba Nyuma ya Ukuta

Basi liliteleza ndani ya ukungu wa asubuhi. Mkunga, nusu usingizini, alijiona akiamka katika chumba kilicho jirani na zahanati, jua limeshafika kitandani. Mama aliyeketi kando yake akamgusa bega, akamwonyesha karatasi na kalamu.

"Mwanangu, nitilie sahihi hapa. Wanataka kujenga nyumba za wafanyakazi wa zahanati nyuma ya ukuta wangu, nami napinga. Kesho kikao kinaamua."

"Zina ubaya gani, mama?"

"Watu wa kupita! Kutwa redio, na mkwe wangu ana mimba ya miezi minane, anataka utulivu."

Mkunga akatabasamu. "Mimi nimeomba chumba humo. Redio sina."

Mama akaitazama sare yake. "Wewe huna neno. Nawasema hao wengine."

"Hao wengine ni mfagizi wetu na dereva wa gari la wagonjwa."

"Basi wawajengee, lakini si kwangu."

"Sawa. Na mkweo akishikwa na uchungu alfajiri?"

"Si utakuja? Mbona kila siku unawahi?"

"Basi likiwahi, mama, nami nawahi."

Basi likasimama. Mkunga akashuka. Mama alibaki kitini, kalamu mkononi, hata kondakta akamkumbusha kwamba naye amefika.